Sura ya 6: Niwekee, Nitapita Jioni

Swali ambalo wenye mabucha huuliza sana haliko kwenye bei wala kwenye mizani. Liko kwenye friji, ndani ya mfuko wenye jina la mtu. Mteja alipiga simu asubuhi akaomba awekewe kilo mbili za steki, akasema atapita jioni. Sasa ni saa 1 usiku, hajatokea, na kaunta amesimama mtu mwingine anayeulizia steki hiyohiyo. Niuze au nitunze?

Ukiuza, mwenyewe akatokea saa 1 na nusu, umempoteza yeye na majirani atakaowasimulia. Ukitunza, asitokee, kesho utaamka na kilo mbili za nyama ya jana ambayo hakuna atakayeilipia bei ya leo. Ndiyo maana wengi huamua kwa kumtazama mtu: huyu mteja wangu wa siku zote, namtunzia, yule simjui, nauza. Siku nyingine wanapatia, siku nyingine wanakosea, na mwisho wa mwezi hawajui hasara ilipitia wapi.

Ukweli ni kwamba saa 1 usiku hakuna jibu zuri, kwa sababu swali limechelewa. Lilitakiwa kujibiwa asubuhi, pale mteja alipotamka "niwekee", na lijibiwe na watu wawili: wewe na yeye.

## Oda moja, nyakati tatu

Katika sura hii, oda ya kuwekewa ni nyama yoyote ambayo mteja ameomba itengwe kwa jina lake ili aje kuichukua baadaye, awe amelipa au hajalipa. Oda ya namna hii ina gharama hata kabla haijachukuliwa. Nyama ikishatengwa, haipo tena kaunta. Anayefika saa 6 mchana akaambiwa steki imekwisha ataenda bucha la jirani, ilhali steki ipo, imelala kwenye friji ikimsubiri mwenzake. Gharama hiyo unaibeba wewe, na mwenye oda hana habari nayo.

Kwa hiyo oda inahitaji mipaka, na mipaka yenyewe ni nyakati tatu:

- Muda wa kufunga oda. Hii ni saa ya mwisho ya kupokea oda za kesho. Huuchagui unavyopenda, unatokana na jinsi nyama inavyokufikia. Dar es Salaam, kwa mfano, ng'ombe wengi hununuliwa mnada wa Pugu, huchinjwa usiku katika machinjio kama ya Vingunguti, nyama ikakaguliwa na kupigwa muhuri, kisha ikasambazwa mabuchani alfajiri. Anayetaka mzigo mkubwa kuliko kawaida lazima amwambie anayemletea nyama jioni ya kuamkia siku hiyo. Kama simu hiyo huipiga saa 12 jioni, oda za kesho zifungwe saa 11.
- Muda wa kuchukua. Hii ni saa ambayo mteja amesema atafika, na wewe umekubali kwamba atakuta nyama iko tayari.
- Muda wa kuachia. Hii ni saa ambayo, mteja asipotokea wala kupiga simu, nyama inarudi kaunta na yeyote anaweza kuinunua.

Mabucha mengi yana ule muda wa pili tu, nao ni wa kukisia: "jioni", "nikitoka kazini", "baadaye kidogo". Wa kwanza uko kichwani kwa mwenye bucha. Wa tatu haupo kabisa, na hapo ndipo swali la saa 1 usiku linapozaliwa.

Kuutaja muda wa kuachia hakuhitaji ukali. Unaingia kwenye mazungumzo ya kawaida:

— Kaka, niwekee kilo mbili za steki, nitapita jioni.

— Sawa mama. Ya kukaanga au ya pilau?

— Ya pilau.

— Jioni saa ngapi, mama?

— Nikitoka kazini. Foleni ikiwa nzuri, saa 11 na nusu.

— Basi nakuandika saa 11 na nusu, nakushikia mpaka 12 na nusu. Foleni ikikubana nipigie, nitakuongezea. Usipopiga nitaiachia, isije ikanilalia.

— Haya kaka, nitakupigia.

Mama huyu hajatishwa wala hajaudhiwa. Ameondoka anajua nyama yake ipo, iko mpaka saa ngapi, na afanye nini akichelewa. Ikifika 12 na nusu bila simu, muuzaji hatajiuliza chochote.

Kwa kifupi: oda isiyo na saa ya kuachia ni mkopo usio na tarehe ya kulipwa.

## Kwa nini nyama haisubiri

Mipaka hii haitokani na biashara peke yake. Nyama mbichi ina bakteria, yaani vijidudu visivyoonekana kwa macho; baadhi huiharibu nyama, baadhi humuumiza mlaji. Huongezeka haraka katika joto la kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi, na mazingira yakiwapendeza wanaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa sababu hiyo wataalamu wa usalama wa chakula hushauri nyama mbichi isikae nje ya ubaridi kwa zaidi ya muda wa saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, isizidi saa moja. Mwezi wa Februari, pwani yetu hufika joto hilo mchana bila taabu.

Subira ya nyama nayo inatofautiana. Katika kipande kizima, bakteria wengi hukaa juu, si ndani. Kila kisu kinapopita, kinafungua uso mpya wa kukaliwa. Ndiyo maana kipande kizima cha paja huvumilia kuliko paja hilohilo likishakatwakatwa, na nyama ya kusaga huvumilia kidogo kuliko zote. Ndani ya friji yenye nyuzi 4 au chini yake, vipande vikubwa huweza kukaa siku 3 mpaka 5, lakini nyama ya kusaga, maini na figo ni siku 1 mpaka 2 tu. Oda ya maini isipewe muda mrefu kama oda ya mbavu.

Kutokana na hayo tunapata kanuni ya kazi: tenga nzima, kata karibu na saa. Mama wa pilau akiagiza asubuhi, mtengee kipande kizima, ukiweke kwenye ubaridi na karatasi yenye jina, ukikate robo saa kabla hajafika.

Tofautisha pia friji na friza. Friji hupoza bila kugandisha. Friza hugandisha, na kiwango chake cha kawaida ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Nyama iliyochinjwa usiku ikitupwa kwenye friza ingali na joto la mwili, misuli hujivuta na nyama hubaki ngumu hata ikipikwa sana. Tena iliyoganda ikiyeyuka hutoa maji, na maji hayo ni uzito. Oda ya kuchukuliwa leo ikae kwenye friji. Inayolazimika kuingia friza, mteja aambiwe kabla, maana aliyeagiza nyama ya leo akapewa jiwe la barafu atajiona amedanganywa.

Uzito nao hautulii. Kipande kilichopimwa kilo 2 kamili saa 2 asubuhi huenda jioni kisifike hapo, kwa sababu kimekauka kidogo na kimechuruzika. Ukimpa mteja kwa uzito wa asubuhi, akaenda kupima kwingine, utaitwa mwizi kwa kosa la hewa. Tenga kipande kinachozidi kidogo, kisha pima mbele yake anapochukua, kwenye mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo mwaka huo, na alipe uzito wa saa hiyo.

Umeme ukikatika, usifungue friza kila dakika kuhakikisha oda za watu. Friza iliyojaa na kufungwa hushika ubaridi kwa saa 48 hivi, iliyojaa nusu saa 24. Friji ni kama saa 4 tu. Kwa hiyo umeme ukikatika mchana, wapigie kwanza wenye oda zilizo kwenye friji na uwaombe wawahi.

## Ukurasa mmoja wa daftari

Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Shida ya oda ni kwamba zina milango mingi. Moja imekuja kwa simu, nyingine kwa WhatsApp, nyingine imesemwa na mtoto aliyetumwa, nyingine iko kichwani kwa kijana wa zamu ya asubuhi ambaye jioni hayupo. Pokea oda kwa mlango wowote, lakini zote ziishie kwenye daftari moja linalokaa kaunta.

Kosa la kawaida ni kuandika oda kwa kufuata nani alipiga simu kwanza. Anayepiga kwanza si lazima aje kwanza. Panga ukurasa kwa saa za kuchukua, kila saa na nafasi yake, na oda iandikwe mahali saa yake ilipo. Mstari mmoja unatosha:

*11:30 jioni — Mama Asha — steki kg 2, vipande vya pilau — advansi 10,000 — kuachia 12:30 — friji, rafu ya juu*

Mtu yeyote wa zamu akiusoma mstari huu anaweza kumhudumia Mama Asha bila kumpigia bosi. Andika "asubuhi", "jioni" au "usiku" kila mara, hasa kwa oda za ujumbe. Wapo wateja wanaoandika saa kama simu zao zinavyoonyesha: "nakuja saa 8" kwake ni saa 2 asubuhi, nawe ukaandaa nyama ya saa 8 mchana. Mjibu kwa kurudia: "Saa 2 asubuhi, sawa?"

Chini ya ukurasa weka hesabu ya mzoga, yaani orodha ya vile ambavyo ng'ombe anavyo vichache. Kila ng'ombe ana ulimi mmoja, mkia mmoja, ini moja, figo mbili, makongoro manne, na sarara mbili, ule mnofu laini ulio chini ya uti wa mgongo. Ng'ombe wetu wa kienyeji si wakubwa, na sarara zake zote mbili ni kilo chache tu. Ukipokea mzoga mmoja kwa siku na ukakubali oda mbili za ulimi, umeahidi kitu ambacho hakipo duniani. Andika mwanzoni mwa siku: *ulimi 1, mkia 1, makongoro 4*. Kila oda ikiingia, punguza. Ikifika sifuri, jibu ni "kesho".

Steki na nyama ya mchanganyiko hazina shida hiyo kwa ukali huo, lakini nazo zina mwisho. Usitenge mzigo wote. Bakiza sehemu kwa anayepita njiani na kusimama, kwa sababu mteja wa leo asiyekuwa na oda ndiye mteja wa kesho mwenye oda.

## Wote wakija saa 12

Bucha la mtaani lina mawimbi mawili. Alfajiri wanakuja mama lishe na wenye hoteli, ambao supu yao lazima iwe jikoni kabla ya watu kwenda kazini. Jioni wanakuja wanaotoka kazini, na wachoma mishikaki huwatangulia kidogo. Katikati ya mchana panya wanaweza kucheza.

Tufanye hesabu. Tuseme kukata, kupima, kufunga na kupokea fedha za mteja mmoja kunachukua dakika 6. Mkataji mmoja anahudumia watu 10 kwa saa. Ukiwaambia wateja 18 "njooni saa 12", saa nzima ikipita wanane watakuwa bado wamesimama, na aliyeagiza asubuhi ili asisimame ataona hakuna alichopata kwa kuagiza.

Dawa ni kugawa saa za msongamano katika vipindi vya nusu saa, kila kipindi kiwe na idadi ya oda. Kwa hesabu ile ile, nusu saa ina nafasi 5. Toa nafasi 3 kwa oda, acha 2 kwa wasio na oda. Mtu wa nne akitaka saa 12 kamili, mwambie: "Saa 12 imejaa, ukija 11 na nusu au 12 na nusu hutasimama kabisa." Wengi hawana shida na nusu saa wakijua inawaokoa foleni.

Mambo matatu huongeza nafasi bila kuongeza mfanyakazi:

1. Malipo kwa simu kabla ya kuja, ili kaunta isihangaike na chenji.
2. Oda za mama lishe, ambazo ni zilezile kila siku, zikatwe na kufungwa kabla ya kufungua mlango.
3. Mchana uliopoa utumike kuandaa vipande vizima vya jioni, kila kimoja na karatasi yake.

Anayemtuma bodaboda kuchukua aandikwe hivyo, na dereva aje na jina la mwenye oda pamoja na kiasi. "Nimetumwa nyama" haitoshi. Mifuko miwili ikibadilishana, kosa ni lako.

## Advansi: nani alipe, na kwa nini

Advansi, yaani malipo ya awali, wengi huichukulia kama njia ya kujilinda na matapeli. Kazi yake kubwa ni nyingine: humkumbusha mteja. Aliyetuma shilingi 5,000 asubuhi hasahau nyama yake jioni.

Hata hivyo, kumdai kila mtu kunaudhi. Gawa oda kwa namna zitakavyouzika zisipochukuliwa:

- Oda ndogo ya kawaida, kama kilo moja ya mchanganyiko: haihitaji advansi. Ikiachiwa, inauzika dakika hiyohiyo.
- Oda iliyobadilishwa kwa ajili ya mtu mmoja, kama nyama ya kusaga au iliyotiwa viungo: nusu ya bei kabla ya kukata. Ikiachwa, mwingine atasita kuinunua.
- Oda inayokulazimisha kuagiza zaidi machinjioni, kama kilo 60 za harusi au mbuzi mzima wa ndafu: angalau fedha inayofikia gharama yako ya kununua, kabla ya muda wa kufunga oda.

Sema mapema itakuwaje asipotokea. Ukiiuza nyama yake kwa bei kamili, hujapoteza kitu. Mrudishie advansi au mhamishie oda nyingine. Ukipata hasara kwa kupunguza bei, kata hiyo hasara na umrudishie inayobaki, huku ukimwonyesha daftari. Kuimeza advansi yote wakati nyama umeiuza ni kulipwa mara mbili, na habari hiyo husambaa haraka kuliko harufu ya mishikaki.

## Sikukuu, harusi na msiba

Oda za Krismasi na Pasaka zina tarehe. Eid el-Fitr haina, mpaka mwezi uonekane. Ramadhani huwa ya siku 29 au 30, na tangazo hutoka usiku, baada ya muda wako wa kufunga oda kupita. Kuna na jambo jingine: wapo wanaofuata mwezi ulioandama hapa nyumbani na wapo wanaofuata ulioandama popote, hivyo mtaa mmoja huweza kusali Idi siku mbili tofauti. Kwa hiyo usiandike tarehe peke yake. Andika "asubuhi ya Idi" na umuulize mteja kwa heshima anafuata mwezi upi. Kisha elewana mapema na anayekuletea nyama kuhusu siku zote mbili, na uwatumie wateja ujumbe usiku huohuo wa tangazo. Eid el-Adha haina presha hiyo, maana huangukia siku ya 10 ya mwezi wa Mfungo Tatu, na tarehe hujulikana mwezi ukishaandama.

Harusi ina tatizo la wasemaji wengi. Mwenyekiti wa kamati anasema kilo 60, mweka hazina 50, shangazi wa bibi harusi anapiga simu kuongeza maini. Omba jina la mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho kuhusu kiasi, na namba ya mpishi kwa ajili ya ukubwa wa vipande. Vipande vya pilau ya watu mia tatu mpishi ndiye anayevijua.

Msiba hauagizwi siku mbili kabla. Ukiweza, uwe na makubaliano ya kudumu na anayekuletea nyama kuhusu mzigo wa dharura, na usiwabane wafiwa kwa advansi. Muulize anayeshika fedha za msiba italipwa lini, andika, na umwachie nafasi. Arobaini ina tarehe yake, nayo ishughulikiwe kama oda nyingine kubwa.

## Daftari linalokujibu

Kila Jumapili jioni, pitia kurasa za wiki na uhesabu vitu vitatu: oda zilizochukuliwa ndani ya muda, zilizochelewa kwa taarifa, na zilizoachiwa. Hesabu hizi hazihitaji kompyuta, na kila moja inakuambia la kufanya.

Zilizochelewa zikiwa nyingi, na zote ni za saa 11, basi saa 11 haiwafai wateja wako, sogeza kipindi. Zilizoachiwa zikiwa nyingi kutoka kwa watu wengi tofauti, huenda muda wa kuachia hautajwi wakati wa kupokea oda, au hutajwa na wewe tu, vijana hawautaji. Zikiwa za mtu mmoja, mteja huyo aanze kulipa advansi, aelezwe kwa nini, na abaki kuwa mteja. Na kama hakuna hata moja iliyoachiwa mwezi mzima, angalia waliofika kaunta wakaondoka mikono mitupu: huenda unatenga nyingi mno, na wasio na oda wanakosa nyama katika bucha lililojaa nyama.